Njia Inayompisha Korongo

Ni saa kumi na moja alfajiri, na jua la Julai limekwisha panda juu ya kinamasi cha Hirvisuo, pembezoni mwa jiji la Oulu. Raili Hietaniemi amepiga magoti kwenye njia ya mbao, anang'oa misumari iliyoshika kutu. Ubao mpya wa mita nne ameubeba begani mwenyewe kutoka barabarani.

"Kilo arobaini," anasema. "Ukilowa, usiulize."

Raili, mwenye umri wa miaka 59, ni fundi wa njia za matembezi. Kwa miaka tisa ametunza kilomita sita za mbao zinazowavusha watu wa mjini juu ya matope: wakimbiaji, wachuma matunda ya porini, wazee na mbwa wao. Kabla ya hapo alifanya kazi kiwanda cha karatasi, mpaka mashine zilipozimwa.

"Kazi hii niliichukua kwa shida tu," anakiri. "Kinamasi nilikiogopa. Mama alituambia kinameza ng'ombe mzima."

Hofu hiyo ilimtoka Mei, mwaka juzi.

Njia mpya ya kwenda kwenye jukwaa la kutazamia ndege ilikuwa ifunguliwe Jumamosi. Zilibaki mita tisini. Raili alikuwa mbele akipigilia vigingi, akainua macho. Hatua thelathini mbele yake, korongo alikuwa ameatamia. Ndege mrefu wa kumfika mtu kifuani, shingo ameilaza chini kabisa, anamtazama.

"Hakuruka. Niliona mgongo wake unapanda na kushuka. Alikuwa anaogopa kuliko mimi, na bado hakuondoka. Nikaweka nyundo chini taratibu, nikarudi kinyumenyume."

Mwenzake, Veikko Pelkonen, alidhani ameumia. "Alikuwa mweupe kama maziwa," anasema. "Namuuliza, vipi, umekutana na dubu? Ananiambia, funga mdomo, kusanya vyombo, tunaondoka."

Msimamizi wao, Pasi, alipiga simu mchana huohuo.

"Raili, huyo ni ndege. Ataruka akakae pengine."

"Mayai hayaruki, Pasi."

"Na Jumamosi nitawaambia nini watu?"

"Njoo uone kwanza. Ukishaona, uniambie wewe."

Pasi alikuja na darubini, akasimama mbali, kwenye ukingo wa msitu. Alitazama muda mrefu. Kisha akamkabidhi Raili darubini na kusema Jumamosi hakuna ufunguzi.

Lawama zilikuja. Jirani mmoja alimuuliza Raili dukani kama watu wazima wanaweza kweli kushindwa na kuku wa porini. Kila alfajiri Raili alikwenda ukingoni kabla ya kazi, akatazama.

Asubuhi ya siku ya kumi na tisa, korongo alisimama. Nyuma yake wakatoka makinda wawili wa rangi ya kahawia, wadogo kama ngumi, wakimfuata juu ya kinamasi kile kinachomeza ng'ombe, bila kuzama hata kidole.

"Veikko hakosi utani," Raili anasema. "Siku hiyo alivua kofia tu."

Njia ilizungushwa mbali na kiota, mita mia mbili na kumi zaidi, ikafunguliwa Agosti.

Sasa korongo wawili wanapita juu wakipiga mlio unaosikika mpaka mjini. Raili anaacha kazi mpaka wapotee. Miaka tisa, anasema, na bado hawezi kupigilia msumari wakipita.

Mlio huo dada yake, Kerttu, huusikia kila majira ya kuchipua akiwa kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Ana miaka 66, anatumia kiti cha magurudumu, na jukwaani hajawahi kufika. Njia yenye upana wa mbao mbili tu haikitoshi kiti hicho. Ndiyo maana Raili aliomba kibali cha kupanua mita mia nne za mwanzo, mpaka jukwaani, akapewa.

"Nimemwambia nitampeleka Septemba, kabla hawajaenda kusini," anasema. "Akanijibu, basi kazana, mdogo wangu, korongo hawajui habari za vibali."

Anauweka ubao, anausukuma kwa goti mpaka ukae sawa. Zimebaki mita mia moja na sitini.