Kidonge cha Siku ya Mnada

Shangazi yangu Emiliana ana miaka sitini na tisa na mdomo unaoogopwa Mgori nzima. Anauza kuku wa kienyeji. Mteja akimminya kuku kifua kupima nyama, shangazi humuuliza kama mkewe naye alimchagua hivyo. Hana adabu hata kidogo, na kuku wake huisha kabla ya saa sita.

Mwaka jana baridi yabisi ilimkunja vidole mpaka akashindwa kufunga kuku miguu. Kliniki moja ya mjini ikampa vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, maana kinga yake yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimtafuna viungo. Vilikuwa vya kumeza siku moja tu kwa wiki. Muuguzi akataka kumrahisishia: "Bibi, wewe meza siku ya mnada."

Ushauri mzuri kabisa, kwa mtu mwingine. Muuguzi angejuaje kwamba shangazi hufuata minada minne kila wiki, mpaka Mkiwa? Akawa anameza mara nne, kwa utii ambao hata padri hajawahi kuuona.

Wiki ya tatu akanyamaza. Nilimwamkia, "Shikamoo, shangazi," akaitikia "Marahaba" bila kuongeza lolote kuhusu unene wangu. Binamu yangu Amosi akasema maombi ya jumuiya yamejibiwa. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Tulikula kwa amani siku tatu, yeye akiusogeza uji wake pembeni. Madoa meusi mikononi tukasema kuku wamempiga mabawa. Uchovu tukasema uzee, kwa sababu mtu akishapita sitini kila kitu ni uzee.

Siku ya nne homa ikapanda, na damu ya pua ikagoma kukata. Tukakodi gari tukamkimbiza hospitali.

Daktari Chediel akawasha tochi. "Fungua mdomo, bibi."

Ulimi, mashavu kwa ndani, koo: vidonda vitupu. Daktari akazitazama dawa za shangazi tulizokuja nazo.

"Hizi unameza lini?"

"Siku ya mnada," akanong'ona.

"Mnada upi?"

Shangazi akainua vidole vinne vilivyopinda.

Daktari akavuta kiti akakaa. Akatueleza kwamba figo za mzee huchelewa kuitoa dawa hii, na ikirundikana mwili huacha kutengeneza damu. Vidonda vya mdomo ni dalili ya mapema, akasema, ndiyo ya kukimbilia.

"Vilianza lini?"

Amosi akainamia viatu vyake. Tuliijua siku yenyewe, maana tuliisherehekea.

Alilazwa siku kumi na mbili, akaongezwa damu, akapewa dawa ya kupunguza ile sumu. Usiku na mchana niliogopa kwamba nimemuua kwa kicheko. Akapona, Mungu anajua vipi.

Sasa yuko kwenye dawa nyingine, na kila asubuhi namkagua mimi: mikono, macho, kinywa. Juzi nikamwambia kama kawaida, "Fungua mdomo, shangazi, nione kama kuna kidonda."

Akaufungua. Nikachungulia kila pembe, nikamwambia pako safi. Akaufunga taratibu, akanitazama.

"Na zile siku tatu mlizokuwa mnacheka," akasema, "ungeniambia niufungue, ungepungukiwa nini?"