Chupa Yangu, Gitaa la Mpangaji

Nina kampuni yangu ya kupaka rangi, nina nyumba Wheaton, huku Marekani, na shule niliachia darasa la sita. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa niambie, mtu kama mimi amwonee wivu nani? Basi nilimwonea mpangaji wangu wa besmenti, chumba cha chini ya nyumba.

Alikuwa Mmarekani mwembamba, mwimbaji wa gitaa kavu lisilo la umeme, mtindo wa mababu zake wa milimani, maneno akitunga mwenyewe. Kampuni ya muziki hakuwa nayo. Sidii zake alizitoa mwenyewe, akazipakia kwenye buti ya gari bovu, akaenda kuimba na kuziuza kwenye baa na mikahawa mpaka huko Virginia. Akirudi, analala hadi adhuhuri. Lakini akifungua mdomo, nyumba nzima inanyamaza. Mke wangu, ambaye husinzia nikishika gitaa langu, akaanza kupigia pasi nguo zake za unesi pale juu ya ngazi, mlango wa besmenti wazi.

"Nguo hizo haziishi?"

"Zina mikunjo, baba watoto."

Mikunjo!

Na mtindo wetu wa Magharibi mwa Kenya, wa kudonoa nyuzi kwa kidole gumba na cha shahada, nilimfundisha mimi. Akaushika upesi kupita kiasi. Binti yetu wa kwanza alipokaribia kuolewa, akataka mpangaji ndiye aimbe wakati wa keki. Na aimbe wimbo wangu, niliombembelezea akiwa mchanga!

"Dad," akasema, "yeye watu humsikiliza."

Nilimeza hilo. Lakini wimbo ule bila chupa ni chai bila sukari. Kwetu, gitaa likilia, mtu wa pembeni hukwaruza chupa ya soda yenye mistari iliyoinuka kwa msumari, ndiyo miguu ijue pa kukanyaga. Chupa za plastiki za Marekani hazilii. Yangu ya kioo nilitoka nayo nyumbani nimeivika soksi, ikawa inakaa juu ya televisheni. Mpangaji akaiomba.

"Haitoki hapo."

"Hata kwa harusi ya bintiyo, bosi?"

"Hata."

Siku yenyewe, ukumbini Landover, akaanza. Sauti nzuri, Mungu alimpa. Shangazi zake binti wakainuka, wakayumba, wakakaa. Mmoja akauliza, akasikika hadi jikoni: "Kwani huyu anazika nani?" Watu wakacheka. Binti yangu akabaki na kisu cha keki mkononi, akinitafuta kwa macho.

Mke wangu akanidunga ubavuni. "Iko wapi?"

"Ndani ya koti." Fundi hatembei bila kifaa.

Nikasimama kando ya mpangaji. Kando, si mbele. Nikakwaruza. Vigelegele! Binti akacheza na kisu chake hewani. Wimbo ulipokwisha, wakambeba nani? Mpangaji.

Baadaye akanipeleka studio, akautia wimbo kwenye sidii yake. Karatasi ya ndani imeandikwa: "Chupa: mwenye nyumba." Kana kwamba sikubatizwa. Lakini wewe uweke, usikilize vizuri. Anayewachezesha pale si yeye.