Mchungaji Nanok na Pikipiki Inayokula Jua

Mwaka ule petroli ilipokosekana Lodwar kwa wiki mbili, Mchungaji Nanok alikosa mazishi mawili na harusi moja. Wafiwa walimwelewa. Bibi harusi hakumwelewa, na mpaka leo wakikutana sokoni humsalimu huku akitazama pembeni.

Ndipo Nanok alipouza mbuzi kumi na wanane, akaenda Kakuma kununua pikipiki ya umeme kutoka kwa shirika moja lililokuwa linafunga mradi wake. Alirudi nayo nyumbani kwake Nakwamekwi, mtaa wa Lodwar, juu ya lori, pamoja na paneli nne za sola na fundi wa kuzifunga. Fundi huyo alikuwa Onésphore, Mrundi aliyeishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma miaka kumi na minne, na kibali chake cha kutoka kilikuwa cha siku tatu tu. Alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Siku ya pili alasiri paneli zilikuwa juu ya mabati, waya umeshuka hadi chumbani, na pikipiki imesimama kando ya kitanda cha mchungaji ikichaji.

Nawoi, mke wa mchungaji, aliitazama kwa muda.

"Itakaa humu ndani mpaka lini?"

"Mpaka ishibe."

"Na ikishiba?"

"Nitaenda nayo kuhubiri, halafu itarudi kula tena."

Nawoi alihamisha sufuria zake kwenda upande mwingine.

Kuijaza betri ile kulihitaji jua la siku nzima. Kwa hiyo jua lilipowaka, mchungaji alikaa mlangoni akiilinda pikipiki yake, na jua lilipoanza kupoa ndipo alipotoka kutembelea waumini katika vijiji vya kando ya barabara ya Kakuma. Hapo matata yalianza, maana pikipiki haikuwa na kelele.

Ile ya zamani ilisikika kilomita mbili kabla haijafika. Waumini walipata muda wa kuzima redio, kuficha mitungi ya pombe na kutafuta Biblia. Hii mpya ilitokea tu. Jumatano moja ilimfikisha kwa Adome, mzee wa kanisa, yule aliyesoma matangazo kila Jumapili. Adome alikuwa ameketi na wenzake watatu, kikombe cha pombe mkononi, akiwaeleza kwa nini mahubiri ya Jumapili iliyopita yalikuwa marefu bila sababu.

"Ejok," mchungaji alimsalimu kutoka nyuma yake.

Adome aligeuka polepole. "Ejok, Mchungaji. Umekuja na miguu?"

"Nimekuja na pikipiki."

"Haijasikika."

"Ndiyo. Lakini mimi nimesikia."

Jumapili iliyofuata Adome hakusoma matangazo. Alisema koo linamuuma. Watu walianza kunong'onezana kwamba pikipiki ile ni ya upelelezi, na akina mama wakapendekeza ifungwe kengele kama ngamia, ili kila mtu ajue iko wapi. Nanok alikataa. Alisema hajawahi kuona mchungaji wa kufungwa kengele.

Kisha ukame ukazidi. Visima vya mchangani vilichimbwa mpaka mtu aliyeshuka humo akawa haonekani kichwa, na mbuzi wakawa wanakula makaratasi. Kanisa liliamua kufunga na kuombea mvua kila Jumamosi kwa mwezi mzima, na anayeongoza maombi, bila shaka, ni mchungaji.

Jumamosi ya kwanza alianza vizuri. Sauti ilipanda, watu wakaitikia. Halafu, jicho moja likiwa limefumbuka kidogo, akaona kupitia dirisha wingu dogo limekaa upande wa magharibi. Akakumbuka kwamba pikipiki ilikuwa nyumbani imechaji nusu tu, na Jumatatu ana mkutano mbali. Sauti ikashuka.

"Bwana, utupe mvua," alisema, "kwa wakati wako. Na ikiwezekana, iwe jioni, baada ya saa kumi na mbili."

Kanisa zima lilisema amina isipokuwa Adome, ambaye alikuwa amefumbua macho yote mawili.

Ibada ilipoisha alimngoja mlangoni. Koo lilikuwa limepona.

"Mchungaji, wewe unaomba mvua ama unaipangia ratiba?"

"Naomba mvua, mzee."

"Hapana. Unaomba mvua ya pikipiki. Mbuzi yangu inakufa, na wewe unaambia Mungu angoje kwanza uchaji."

Nanok alitaka kukasirika, lakini hasira haikuja. Baba yake alikuwa mfugaji, na mwaka mmoja wa ukame kama huu Nanok alimwona akiketi chini mchana kutwa baada ya ng'ombe wa mwisho kuanguka. Aliona aibu. Alirudi nyumbani, akamsimulia Nawoi yote, akitumaini kutetewa.

"Adome anakunywa pombe," Nawoi alisema, "lakini leo alikuwa ameamka sawasawa."

Jumamosi ya pili mchungaji alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, akaomba mvua bila kutaja saa wala siku. "Ije hata mchana," alisema. "Hata saa sita." Waliokuwa karibu walisikia jinsi neno hilo la mwisho lilivyomtoka kwa shida.

Mvua ilikuja Alhamisi, saa sita mchana. Ilimkuta njiani akitoka kumwombea mgonjwa mahututi aliyeitiwa alfajiri, mbali na lami, betri ikiwa imebaki kidogo. Alitumaini kuvuka laga, mto wa msimu, kabla maji ya milimani hayajafika. Alipofika ukingoni, ule mto wa mchanga ulikuwa umejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yakibeba magogo na kiatu kimoja. Akangoja kwa muda wa saa mbili. Maji yalipopungua alivuka akiisukuma, na ng'ambo, kwenye matope, alipojaribu kuiwasha, taa ndogo ya kipimo cha betri ilimulika mara moja, ikazimika.

Adome ndiye aliyemkuta hapo. Alikuwa anarudisha mifugo, amelowa mpaka mifupani na anatabasamu, akimvuta ngamia wake mkubwa.

"Imekufa?"

"Ina njaa."

"Mvua imeinyima chakula."

"Ndiyo."

"Na mbuzi yangu inakunywa."

"Ndiyo, mzee. Nimewaona. Wanakunywa."

Walitazamana, kisha wote wawili wakaanza kucheka, na walicheka mpaka Adome akamshika mchungaji bega asianguke. Halafu alifungua kamba, akaifunga kwenye pikipiki, na ngamia akavuta. Waliingia Nakwamekwi hivyo: Adome mbele, ngamia katikati, na mchungaji juu ya pikipiki yake akishika usukani kwa heshima zote. Ngamia alikuwa na kengele. Watu walitoka nje ya nyumba zao kwenye mvua kumtazama mchungaji wao akija, na safari hii hakuna aliyeshtukizwa.

Mvua ilinyesha siku nne. Siku ya tano jua lilitoka, Nanok akachomeka waya asubuhi bila matumaini makubwa. Saa tano betri ilikuwa imejaa. Aliuchomoa waya, akauchomeka tena, akidhani kipimo cha betri kinadanganya. Alimpigia Onésphore simu Kakuma.

"Pasita, ile mapaneli munasafishaka?"

"Kusafisha na nini?"

"Na maji."

"Maji gani, ndugu yangu?"

Onésphore akaeleza kwa upole kwamba vumbi likikaa juu ya paneli, jua haliingii. Miezi minane vumbi la Lodwar lilikuwa limelala pale juu, na hakuna mtu katika nyumba ile ambaye angefikiria kupanda juu ya mabati kuogesha vioo, wakati maji ya kunywa yanabebwa kwa mitungi. Mvua ndiyo iliyozisafisha paneli.

Nanok alilisimulia kanisa jambo hilo Jumapili iliyofuata, bila kujificha. Walicheka sana. Alipoombea mvua tena, aliomba kwa kirefu kiasi kwamba watoto walilala, na Adome akalazimika kusema amina kabla ya wakati.

Aliyenufaika zaidi ni Nawoi. Alipoona umeme unabaki mchana, alinunua friji ya mitumba, akaanza kuleta samaki kutoka Longech, ziwani, na kuwauza wakiwa wa baridi. Biashara ilishika. Siku moja mchungaji alirudi kutoka kanisani akakuta pikipiki imesukumwa nje, waya wake umepewa friji.

"Mama, leo jioni nina ibada kijiji cha jirani."

"Ngoja zamu yako," Nawoi alisema, akipanga samaki. "Mahubiri yakichelewa hayanuki."

Mchungaji aliitazama friji, kisha jua. Akaingia ndani kutafuta viatu vyake vya kutembea kwa miguu.