Telefone Isiyojua Mapasa

Niungame mwenyewe kabla ndugu yangu hajanichongea: siku mama alipokwenda kujaribu telefone ya bei kubwa, ile inayofunguka ikiona uso wa mwenyewe, niliiwekea uso wangu badala ya uso wake. Muuzaji alikuwa ameniambia tu nimsaidie mama kuishika vizuri. Mimi nikaigeuza upande wangu, nikakodoa macho, nikazungusha kichwa polepole kama jogoo anayesikiliza mvua, ikalia ting, basi. Mama alidhani naichunguza. Kumbe najitawaza.

Mpango wangu ulikuwa mwepesi. Mama akitaka kuifungua, lazima aniite. Akiniita, itakuwa mkononi mwangu. Ikiwa mkononi mwangu, shule nzima itajua. Sikuona shimo lolote katika mpango huo, ingawa shimo lenyewe lilikuwa limesimama mlangoni mwa duka, linakula karanga, lina pua yangu, midomo yangu na masikio yangu yote mawili. Ndugu yangu. Sisi ni mapasa, au mapacha kama mnavyosema wengine.

Na kwetu Kamina mapasa si jambo la mchezo. Ukimpa mmoja shati, mpe na mwenzake shati, rangi ileile. Ukimnyima mmoja atapata homa, na homa hiyo utaulizwa wewe. Ndivyo wazee wa Kiluba wanavyosema, na sisi hatujawahi kuwabishia, maana tumekula mikate mingi kwa njia hiyo. Mama mmoja anayekaanga mikate karibu na stesheni, akinipa mmoja wa bure, lazima aniulize ndugu yangu yuko wapi. Namwambia anakuja. Mara nyingi anayekuja ni mimi tena, nimegeuza kofia.

Ila desturi hiyo ina ubaya wake. Hakuna mzazi atakayemnunulia pasa mmoja telefone kubwa, kwa kuwa atatakiwa kununua mbili. Njia ilikuwa moja tu: telefone iwe ya mama.

Mama anauza samaki wakavu wanaotoka Mulongo, ukingoni mwa mto Lualaba. Wateja wake wa Lubumbashi siku hizi hawaridhiki na maneno, wanataka kwanza picha. Telefone yake ilikuwa ya tochi: inapiga, inapigiwa, inamulika njia ya chooni, na ukiichaji leo utaisahau siku tano. Picha haina. Tena jirani yetu alikuwa ameibiwa telefone pamoja na pesa iliyokuwa ndani yake, kwa hiyo mama alitaka inayojua kujifunga. Pesa alikuwa nayo, lakini ilikuwa pesa ya bati. Paa la chumba cha samaki linavuja, na samaki mkavu akilowa hana kazi, hata paka anamtazama kwa huruma. Mvua zilikuwa zinakaribia. Ikabaki kuchagua, bati au telefone kubwa, na kila jioni alituuliza, “Niuze ao nisiuze?” Kwetu kuuza ni kununua, na kuuza kwenyewe tunaita kuuzisha. Mtatuvumilia.

“Uuze, mama,” nilikuwa namjibu kabla hajamaliza. “Ile iko na kamera tatu. Samaki ya mwezi muzima itaonekana kama imetoka mu Lualaba sasa hivi.”

“Na muclient akifungua gunia, aone ile yenye iko kweli, atanipiga na nini?”

“Ata kufungua hatafungua, mama. Atabaki anaangalia picha.”

Alinirushia kijiti cha moto. Lakini Jumamosi alivaa kitambaa kizuri cha kichwa, akafunga pesa kwenye pindo la kitenge, akasema twende.

Muuzaji alikuwa kijana anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Bei aliyotaja sitaiandika hapa, mama akiisoma atakasirika upya. Baada ya mimi kumaliza kazi yangu ya kujitawaza, kijana akampa mama telefone kwa mikono miwili, kama padri anayempa mtu mtoto aliyebatizwa.

“Mama ya mapasa, iyi haifungukake kwa mutu mwingine. Ata mwizi akuye na malaika wake, haifunguke.”

“Ata kwa ndugu yangu?”

“Ata ndugu, mama. Dunia muzima, mutu moja tu.”

Mama akaiinua mbele ya uso wake. Ikakataa.

“Toa kitambaa kidogo, mama.”

Akakisukuma nyuma. Ikakataa. Akatabasamu. Ikakataa. Akaikunjia uso ule anaowakunjia wanaodai ‘matabishi’, yaani nyongeza ya bure, na bado ikakataa. Mimi nilikuwa nimekwisha kukohoa, tayari kusema neno nililolifanyia mazoezi wiki nzima, “Mama, lete niangalie”, ndugu yangu alipotupa maganda ya karanga akaja kutazama kinachotuchelewesha. Aliinama tu juu ya bega la mama.

Ting.

Ikafunguka kama mlango wa shangazi aliyejua wageni wanakuja.

Mama akamtazama kijana.

“Papa, ulisema dunia muzima mutu moja.”

“Njo vile, mama.”

“Uyu tangu tuingie hajaigusa. Alikuwa na karanga yake kule.”

Kijana akavua miwani. Akamtazama ndugu yangu, akanitazama mimi, akapiga kofi kaunta na kucheka mpaka akashika tumbo. “Ah! Mapasa! Mama, mashini itafanya nini mbele ya mapasa?”

Mama hakucheka. “Sasa ni uso ya nani iko mule ndani?”

Mimi nikamwonyesha ndugu yangu kwa kidole. Yeye akanionyesha mimi. Hatukupanga, ni mazoea.

“Muniangalie.”

Tukamwangalia. Haikuchukua hata muda wa Salamu Maria moja.

“Ni weye,” akaniambia.

“Mama, minyi sikufanya kintu,” akasema ndugu yangu, aliyekwisha kuachiliwa na bado anajitetea. “Nilikuya tu na uso yangu.”

Kijana alikuwa anashangaa kweli. “Mama, umejua namna gani? Minyi niko nabaangalia tangu asubui, siwezi kubatofautisha.”

“Minyi nabatofautisha tangu siku ya kwanza,” mama akasema, “na hakuna siku mulinichaji kama telefone.”

Nilidhani mambo yamekwisha, lakini kijana hakuwa mpumbavu. Alifuta uso wangu, akaingiza wa mama, na safari hii ikamfungukia vizuri kabisa. Akapiga picha punje za karanga zilizobaki kiganjani mwa ndugu yangu. Jamani. Chumvi ilionekana, punje moja moja, inang'aa. Nitasema ukweli hata kama haunisaidii: mama aliitaka. Aliishika muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, mkono mwingine ukiwa juu ya pindo la kitenge, pale pesa ilipofungwa. Mimi nilikuwa nasali, ndugu yangu anamalizia karanga za kwenye picha.

“Inakaa siku ngapi na chaji?” mama akauliza.

“Moja, mama. Ukiitumia polepole, moja na nusu.”

“Kule kwetu umeme inakuya ikipenda. Na ile?” Alikuwa anaonyesha telefone moja ya kawaida, chini kabisa kwenye kabati la kioo.

“Ile iko ya kawaida, mama. Siku mbili, tatu.”

“Picha yake?”

“Iko muzuri. Lakini chumvi hautaiona.”

“Karanga nitaiona?”

“Karanga utaiona.”

“Minyi nauzisha samaki. Samaki iko mukubwa kupita karanga.” Akamrudishia ile kubwa kwa mikono miwili, vilevile kama alivyopewa. “Na ile ya chini inajifunga namna gani?”

“Na namba, mama. Unaiweka mu kichwa yako.”

“Bas. Kichwa yangu haina mapasa.”

Chenji ya ile telefone ndogo ilitosha mabati. Tuliyafunga juu ya baiskeli ya kukodi tukaisukuma kupita mjini, mama mbele, sisi nyuma. Nilinuna mpaka relini. Wanafunzi wenzangu waliniona nikisukuma mabati siku niliyotaka wanione na kamera tatu. Halafu ndugu yangu akaanza kuyapiga mabati kwa kijiti, mdundo wa zile nyimbo za matusi ambazo kwetu mapasa huimbiwa kwa heshima, waendesha pikipiki wakapunguza mwendo wakaitikia, mama akacheza hatua mbili bila kugeuka nyuma, nami nikashindwa kununa. Jioni ileile tulipanda juu tukapigilia misumari, na mvua ya kwanza ilipokuja ilitukuta tumekaa ndani na samaki, wote wakavu.

Kulipopambazuka baada ya mvua hiyo, mama aliwapanga samaki wakubwa juu ya mkeka, mstari mmoja, vichwa upande mmoja. Akapiga picha yake ya kwanza ya biashara, akaituma. Mteja wa Lubumbashi akajibu kabla ya chai: nawachukua wote. Mama aliimba asubuhi nzima.

Saa sita akaja kuwafunga. Akautazama mkeka. Akatoa telefone, akaitazama picha, akautazama tena mkeka. Chumvi haikuonekana, lakini samaki walionekana vizuri mno, na mmoja wa kwenye picha hakuwepo tena chini.

Alituita. Tukasimama mbele yake, midomo imefutwa. Nikamwonyesha ndugu yangu, yeye akanionyesha mimi. Mama akatuangalia. Safari hii Salamu Maria moja haikutosha, wala tatu, kwa sababu tulikuwa tumemla wote wawili, kwa hiyo kila mmoja wetu alikuwa na uso wa mwizi na uso wa msingiziaji kwa wakati mmoja. Mwishowe akaketi juu ya kigoda, kicheko kikamshinda, akajifuta macho kwa pindo la kitenge. Akasema hivi, neno kwa neno:

“Siku batatengeneza telefone yenye itanionyesha ni nani kati yenu alianza kutafuna samaki yangu, ile siku njo nitalipa ile bei yote, na sitaomba hata kupunguziwa.”