Umeme wa Friji ya Chanjo

Nilijiwekea sharti: simu haichajiwi kwa umeme wa sola wa friji ya chanjo. Mimi ni fundi wa vifaa vya tiba hapa Pemba, na sharti hilo nimelihubiri katika kila kituo cha afya, hata pale ambapo hakuna aliyeniuliza.

Siku ya posa ya Maha, binti yangu wa pekee, friji ya kituo cha Chokocho iligoma. Nilikwenda, nikaagiza nyumbani nipigiwe simu wageni wakitokea, nirudi kwetu Kengeja kuwajibu mwenyewe. Kazi haijafika nusu, simu ikaisha chaji, na namba zote zimo humo.

"Chomeka kidogo, fundi," akasema muuguzi, Bi Ummkulthum. "Jua lenyewe hili la bure."

"Chanjo ni amana, Bi."

"Kwani mwana si amana?"

Nikamjibu kwa hotuba ndefu. Betri zile nilizipima mwenyewe. Zingetosha simu za kijiji kizima. Lakini nilikwishapanda mimbari, nikaona haya kushuka.

Nilifika nyumbani wageni wameshaaga. Aliyewajibu ni ndugu yangu Saud. Chanjo zilisalimika, kama ambavyo zingesalimika hata ningechaji. Posa ya mwanangu ilijibiwa bila mimi.