Kandambili za Baba

Juzi nilimkuta Mzee Salumu peke yake kwenye baraza la duka lake, Temeke, akisoma habari za kocha mpya wa timu ya chuo cha jirani. Harufu ya kahawa na tangawizi ikanirudisha utotoni.

Siku zile, kila alasiri, baba yangu na Mzee Salumu walibishana hapo juu ya makocha wa zamani wa timu ile.

"Yule kocha wako alituua! Mabeki watano, tena nyumbani?" baba alifoka.

"Na wako je? Alijua kupuliza filimbi tu!"

Mie niliamini ipo siku watauana. Kwa hiyo alasiri moja nilizificha kandambili za baba ndani ya ndoo ya mchele.

Baba alitafuta uvunguni, akatafuta uani, mwisho akakaa kitandani amenyong'onyea. Mara tukasikia hodi. Alikuwa Mzee Salumu, mkononi birika la kahawa na kashata zilizofungwa kwenye gazeti.

"Mbona huji, bwana? Leo nigombane na nani?"

Wakaanza palepale, sebuleni kwetu, mpaka magharibi.

Baba hayupo tena. Juzi Mzee Salumu aliitikia shikamoo yangu, akamimina kahawa. Bado humimina vikombe viwili. Cha pili akanisogezea mie.

"Huyu mpya atamshinda yule kocha wa baba yako," alisema, akinitazama.

Nikavua viatu, nikapanda barazani.

"Mzee Salumu, hapo umekosea."