Nkambo Alimbeba Nani Mtoni

Harufu ya karatasi ya mfuko wa saruji haifanani na harufu nyingine. Ina vumbi, ina gundi, na ukiisogeza puani inakausha koo kana kwamba umebwia unga wa mahindi. Baba yangu alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe ya chokaa ya Kakontwe, nje kidogo ya mji wa Likasi, na king'ora cha jioni kilipolia alirudi kambini mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, sisi watoto tukimcheka kwamba ametumbukia kwenye debe la unga wa bukari, ugali wetu. Kwapani alileta mifuko mitupu iliyochanika. Mama aliichambua tabaka kwa tabaka, akatupa la nje lililochafuka, na yale ya ndani akayakata kwa kisu cha jikoni na kuyashona kwa uzi mweusi, yakawa madaftari. Katika madaftari hayo ya kahawia ndimo nilimojifunza kuandika barua na insha za Kiingereza, mwaka nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Mpaka leo fundi akifungua mfuko wa saruji karibu nami, hasira hunipanda kwanza, kisha ndipo ninapokumbuka inatoka wapi.

Zilikuwa nyakati za kampuni. Kampuni ya serikali ndiyo iliyotupa nyumba, unga wa mwezi, zahanati na shule, na mtu akifa ndiyo iliyotoa jeneza. Majina ya ubatizo yalikwisha kupigwa marufuku, wanaume wenye heshima zao walivaa makoti yasiyo na tai, na asubuhi tuliimba na kucheza mbele ya bendera kumsifu kiongozi kabla ya kuingia darasani. Tulisoma kwa Kifaransa. Kiingereza kilikuwa lugha ya ng'ambo ya mpaka, lugha ya Zambia, iliyotufikia kwa redio na kwa wanawake wa magendo ya vitenge. Basi Jumapili moja padri akasoma tangazo: masista wenye shule ya wasichana huko Zambia wangemchukua msichana mmoja kutoka Likasi, masomo, chakula na malazi bure mpaka amalize sekondari. Angechukuliwa yule atakayewashinda wenzake katika mtihani wa Kiingereza wa kuandika, barua moja na insha moja. Niliposikia hivyo nilihisi padri ananitazama mimi, ingawa nadhani kila msichana kanisani alihisi hivyo hivyo.

Nyumbani tulikuwa wasichana wawili wa rika moja, mimi Kalenga na Ngoie. Ngoie alikuwa mtoto wa mama mkubwa, dada yake mama, aliyefariki na kumwacha mdogo. Baba yake aliondoka kwenda kutafuta kazi na hakurudi tena. Kwetu mtoto kama huyo haitwi binamu, ni dada yako, mwisho wa maneno. Tulilala mkeka mmoja, tulichanwa nywele kwa kitana kimoja, na nguo iliyonibana yeye ndiye aliyeirithi. Tofauti ilikuwa moja tu. Mimi jina langu lilikuwa kwenye kadi ya baba kazini, kwa hiyo shule ya kampuni ilikuwa haki yangu. Yeye jina lake halikuwemo, na kila mwaka mama alilazimika kwenda kumlilia mwalimu mkuu ili apokelewe. Nilimhurumia, na nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Kasongo, mtu mwembamba aliyekulia Kitwe, huko Zambia, na kukijua Kiingereza kama Kibemba chake. Jumamosi mchana alitukusanya katika ukumbi wa parokia, wasichana wachache tuliojiandikisha. Zoezi la kwanza lilikuwa kumwandikia sista mkuu barua ya kuomba nafasi. Nikaandika kama tulivyozoea nyumbani. Nilianza kwa kumjulisha kwamba mimi sijambo, hofu ni kwake, nikamsalimia kwa niaba ya baba, mama, shangazi wa Koni na majirani wa pande zote mbili, nikamuuliza hali ya watoto wake. Mwalimu alisoma akiwa amesimama, halafu akaketi.

“Kalenga, ule muzungu atalala mbele ya kufika kwa ombi yako,” alisema. “Na tena, sista iko na watoto gani?”

Ukumbi mzima uliangua kicheko, na Ngoie ndiye aliyecheka kuliko wote. Tangu siku hiyo Mwalimu alitunyoa salamu kama anayenyoa kichwa cha mfiwa. Anwani kulia, tarehe chini yake, na sentensi ya kwanza iseme unachotaka. Kwangu ilikuwa kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi, ila haba na haba hujaza kibaba, na baada ya wiki kadhaa niliweza kuandika barua ambayo mama yangu, kama angekijua Kiingereza, angeiona ya mtoto asiye na adabu.

Kwa insha alikuwa na sheria moja. “Andika kitu ambacho ni weye tu uliona,” alituambia. “Ukiandika ya kila muntu, watakusahau kama kila muntu.”

Nikaandika juu ya Nkambo. Ndivyo tunavyowaita bibi zetu, na huyu alikuwa mama yake mama, ambaye wakati huo alikwisha kufariki. Aliishi karibu na Koni, kwenye mto Lufira, chini ya bwawa la umeme, akilima mihogo na kutega samaki kwa migono. Nilipokuwa mdogo mama alinipeleka kwake wakati wa likizo. Siku moja tulikuwa ng'ambo ya kijito kinachoingia mtoni, mimi na Nkambo, na mama alikuwa upande wa nyumbani akianua mihogo. Maji yakaanza kupanda, sijui ni mvua ya juu au ni milango ya bwawa iliyofunguliwa. Nkambo alitupa kikapu chake cha samaki, akanifunga mgongoni kwa kitenge ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, akaingia majini. Mimi kwa hofu nikamziba macho kwa viganja vyangu viwili. Maji yakamfika kiunoni, kisha kifuani, naye haoni kitu, akawa ananipigia kelele: “Shika shingo, mutoto! Mayi inapanda! Acha macho yangu!” Sikuacha. Alivuka kijito chote kipofu, akifuata sauti ya mama aliyekuwa akimwita kutoka ukingoni. Shingo yake ilinuka tumbaku na moshi wa samaki. Tulipofika alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu alipoisoma kwa mara ya kwanza alirekebisha vitenzi karibu vyote, lakini pale kwenye viganja na macho hakugusa neno. Aliniambia nisipoteze ile sentensi hata nikisahau jina langu. Kwa hiyo niliikariri. Karatasi za saruji hazikutosha kuandika upya kila siku, ndipo tukazoea kukariri kwa mdomo jikoni, mimi nikikoroga bukari na Ngoie akishika daftari kunisahihisha, halafu yeye akikariri na mimi nikishika. Insha yake ilikuwa juu ya gwaride la sikukuu ya taifa: bendera, ngoma, wanafunzi waliopendeza. Nilimwambia haina mtu ndani yake. Alisema anajua, ila yeye mambo yake yote ni ya huzuni, na sista hatapenda kusoma juu ya msiba. Niliposahau neno katika yangu, alinitajia bila kutazama daftari. Nilifurahi kuwa na dada mwenye kichwa kizuri namna ile.

Siku ya mtihani tulivaa blauzi zilizopigwa pasi ya mkaa. Swali la insha lilikuwa kueleza siku usiyoweza kuisahau, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Niliandika bila kuinua kichwa. Ngoie aliketi nyuma yangu, sikuona alichokuwa akiandika.

Baada ya muda tukaitwa parokiani sisi wawili pamoja na mama. Sista aliyetoka Zambia alikuwa mezani na karatasi mbili mbele yake, Mwalimu Kasongo kando yake kama mkalimani. Insha zilikuwa moja. Nkambo yule yule, kikapu kile kile, viganja na macho. Zimeshinda nyingine zote, alisema sista kwa upole, lakini mmoja wenu ameiba, na masista hawafundishi mwizi. Nilimgeukia Ngoie nikitarajia aanguke magoti. Alikuwa analia, na katikati ya kilio akasema kwa Kiingereza safi kwamba yule mtoto ni yeye. Nilihisi kama nimepigwa na mtu niliyekuwa nimelala naye mkeka mmoja, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Kikulacho ki nguoni mwako.

Hata hivyo sikuogopa. Nilikuwa na kitu ambacho sikukiandika popote. Nikamwambia sista kwamba siku ile mtoto alipoteza kiatu kimoja majini, na mama yake akamchapa kwa ajili ya kiatu hicho, na huyo mama ndiye huyu hapa, aulizwe. Mwalimu akatafsiri. Wote wakamtazama mama. Alikuwa amekaa na mikono mapajani, kitambaa chake cha kanisani kichwani. Alinitazama mimi, akamtazama Ngoie, kisha akatazama meza.

“Ni Ngoie,” alisema. “Ni Ngoie njo Nkambo alibeba mu mayi.”

“Na kiatu?” Mwalimu aliuliza polepole.

“Ngoie. Minye mwenyewe nilimupiga.”

Hata viboko vyangu alimpa Ngoie. Mwalimu Kasongo, aliyesahihisha ile insha kwa mkono wake kipindi chote kile, alitafsiri kama alivyoambiwa. Nadhani hakuweza kumwita mama wa watu mwongo mbele ya mzungu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lake. Wahenga husema penye wazee haliharibiki neno. Mimi nililiona likiharibika palepale, mbele ya wazee watatu.

Njiani kurudi kambini mama alimtanguliza Ngoie, akanishika mkono. Niliuvuta, akaushika tena kwa nguvu. “Sikia, mwana yangu,” alisema. “Weye uko na baba. Uko na kampuni, itakusomesha mpaka utachoka. Ngoie iko na nani? Dada yangu akiniuliza kule juu, nitamujibu nini?” Jioni aliniwekea kipande kikubwa cha samaki, nikakisukuma kwa baba, ambaye hakuambiwa lolote ila kwamba Ngoie ameshinda. Nilimchukia mama. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Ngoie, kwa sababu Ngoie aliiba nikiwa nimemgeuzia mgongo, lakini mama alinitazama usoni.

Ngoie aliondoka kwa lori la mpakani akiwa na sanduku la baba. Aliniambia ataniandikia, na kweli aliandika. Barua zake zilikuwa fupi, anwani kulia, tarehe chini yake, sentensi ya kwanza ikisema anachotaka, bila kuuliza afya ya mtu.

Na kampuni je? Ilinisomesha kidogo, kisha vitabu vikakosekana, walimu wakakaa bila mshahara, unga wa mwezi ukawa wa miezi, na hatimaye baba akarudishwa nyumbani na ahadi tupu ya kulipwa. Shule niliiacha kabla ya diploma ya kumaliza sekondari, nikauza mkaa na samaki wa Lufira sokoni. Hiyo ndiyo kampuni ambayo mama aliitumaini kuliko alivyoutumaini ukweli. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama ilifika Zambia, ikavuka bahari, ikamfanya Ngoie muuguzi huko Uingereza.

Leo vijana wa mtaani wanaotaka kwenda ng'ambo huja kwangu niwasaidie Kiingereza cha mtihani. Wana simu zinazowaandikia barua nzima kwa kubonyeza tu, hawajui karatasi ya saruji ni nini. Nawaambia wafute salamu, na waandike kile ambacho ni wao tu waliona. Kwa mfano nawasimulia habari ya kijito na viganja, kama nilivyowasimulia wanangu tangu wadogo. Habari ya mtihani sikuwaambia kamwe. Sikutaka wamchukie bibi yao, aliyezeekea nyumbani kwangu, ambaye nilimwogesha na kumlisha kwa kijiko nikisubiri neno moja tu kutoka kwake. Siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kama Ngoie amefika.

Ngoie alifika kwa mazishi, amenenepa, amevaa koti zuri jeusi. Mchana, watu wakiwa wamekaa kwenye viti vya kukodi kuzunguka jeneza, aliomba kusema neno juu ya mama. Akawasimulia kijito. Akawasimulia kikapu, kitenge, viganja na macho, na harufu ya tumbaku shingoni. Akaongeza kiatu kilichopotea, na jinsi mama alivyomchapa, halafu akalia, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Sidhani kama anakumbuka tena kwamba hakuwepo. Watu walitikisa vichwa kwa huruma. Binti yangu wa kwanza, aliyeketi karibu nami, alinigeukia taratibu, na machoni mwake niliona kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtoto wangu.

“Mama,” alininong'oneza, “kumbe ile ya mayi ni ya mama Ngoie? Weye ulituambiaka ni yako.”

Nilitazama jeneza. Shahidi wangu pekee alikuwa ndani yake, na hata angeinuka akaulizwa tena, nilijua angejibu nini.